Kufuli la Bi Keshokutwa

Mimi na wifi yangu hatujawahi kupendana kimyakimya. Tangu kaka yangu amlete nyumbani, mwaka wa kumi na nane sasa, hatujamaliza wiki bila kurushiana maneno, na wiki tukikosa la kugombania, majirani huuliza nani kati yetu anaumwa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nasimulia sifa za marehemu. Mwenyewe yu hai, yuko upande wa pili wa ukuta huu, na hivi ninavyosema namsikia akimdanganya mteja.

Ni fundi cherehani. Nyumba yetu ni moja, ndefu, na baba yetu aliigawa katikati kwa ukuta. Upande mmoja wanakaa kaka na mkewe, ingawa kaka ni dereva wa lori na huonekana mwisho wa mwezi kama mshahara. Upande wa pili nakaa mimi na kazi yangu ya udobi. Kila upande una chumba cha mbele kinachotazama barabara na chumba cha nyuma kinachotazama ua. Yeye anashonea chumba cha nyuma, nami napigia pasi chumba cha nyuma, kwa hiyo kutwa nzima ile cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu inanilia sikioni. Nimeizoea. Ikinyamaza ndipo ninapoinua kichwa.

Mkono wake, niseme ukweli, haujapata mwenzake mtaa huu. Anakutazama mara moja umesimama mlangoni, anakwambia kiuno kimeongezeka inchi mbili, na futi ikizungushwa ni inchi mbili kweli, ukasirike usikasirike. Akikupunguzia suruali huoni alipoanzia wala alipoishia. Tatizo lake ni moja: hajui kukataa kazi. Mtu akija na kitambaa, anapokea. Ukimuuliza lini, anajibu, "Keshokutwa." Analisema kwa uso mkunjufu na sauti laini hata unaondoka umeridhika. Hiyo keshokutwa ikifika anakupiga kalenda tena, nawe, mjinga wee, unaondoka tena umeridhika. Ndiyo watu wakamwita Bi Keshokutwa, na yeye hana kinyongo, anaitika.

Wala usidhani undugu ulinisaidia. Nilimpa kitambaa cha zambarau anishonee gauni la mahafali ya binti yangu. Mahafali yakapita, binti akapata kazi, akahama, na kitambaa kilikuwa bado kimo mfukoni pamoja na karatasi ya vipimo vyangu. Hivyo vipimo navyo nilishavipita.

Sasa, palikuwa na siri ambayo hata mimi wa ukuta mmoja sikuijua mpaka siku ya mkasa. Wateja wakimzidi, alikuwa anatoka asubuhi kwa mlango wa mbele, kikapu mkononi, anatia kufuli kubwa mlangoni, anashika barabara huku anasalimia watu kushoto na kulia. Akifika kwenye kona anaingia uchochoroni, anarudi kwa kupitia uani, anaingia kwa mlango wa nyuma na kujifungia komeo. Siku hiyo haigusi cherehani. Anakaa chini na sindano ya mkono, anashona vifungo, anakunja pindo, anatarizi nembo za shule kwenye mifuko ya mashati. Mteja akija anakuta kufuli, anasonya, anakwenda zake. Mimi nikisikia upande wa pili kimya najua wifi katoka, na si mara moja niliwaambia watu kwa kinywa changu, "Hayupo huyo, nimemwona akitoka kwa macho yangu mawili." Nikawa shahidi wake wa bure.

Basi ilikuwa wiki ya mwisho kabla shule kufunguliwa. Wifi alikuwa amepokea sare za karibu shule nzima. Majora ya kitambaa cha bluu na cheupe yalijaa chumbani, mengine juu ya kabati, mengine mbele ya kabati, mpaka milango ya kabati lenyewe ikawa haifunguki. Wazazi walikuwa wanakuja kwa zamu, na mwalimu mmoja alianza kuja na kiti chake. Asubuhi hiyo nikamwona wifi anatia kufuli.

"Wifi, nakwenda kutafuta uzi wa bluu!" akaniambia.

"Nenda, na wa zambarau utafute!"

Akacheka, akashika njia.

Saa tisa mchana mbingu ikageuka. Mimi ni dobi, mawingu nayajua kuliko wanaolipwa kuyatangaza, lakini lile lilikuja bila hodi. Kwanza upepo ukanivulia mashuka kambani, mashuka ya nyumba ya wageni, meupe, nikayakimbilia moja moja. Halafu mvua ya mawe. Mabati yakapigwa mpaka ukimwambia mtu kitu lazima umshike sikio. Nikafunga madirisha, nikarudi kwenye pasi yangu ya mkaa maana umeme ulishakatika, nikawa napiga pasi huku nasali, sijui lipi nililifanya vizuri.

Mara mlio. Siwezi kuueleza. Sakafu iliruka, ukuta wa katikati ukapasuka ufa toka juu hadi chini, na vumbi likanijia usoni ndani ya nyumba iliyojaa unyevu. Nilidhani nimekufa. Nilipojipapasa nikajikuta mzima, pasi mkononi.

Mawe yalipokoma, mvua ikiwa bado inamwagika, nikatoka uani. Jamani! Tangi letu la maji, lile lililokaa juu ya mnara wa matofali upande wa wifi, lilikuwa limeanguka na mnara wake juu ya chumba chake cha nyuma. Paa limebonyea ndani. Mlango wa nyuma na dirisha havionekani, ni kifusi kitupu. Majirani wakaanza kukusanyika, wa mbele yao mwashi wa nyumba ya pili, kajifunika mfuko wa saruji kichwani.

"Dada, fundi yuko wapi?" akaniuliza.

"Katoka tangu asubuhi. Mungu mkubwa, hayumo."

"Una hakika? Ngoja tuvunje mlango wa mbele tuhakikishe."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la maisha yangu. Nilikuwa nimelowa, nimeogopa, na nikiogopa mimi huwa mkali. Nikamwambia, "Uvunje mlango wa mtu uone nini? Kufuli hukuliona ulipopita? Kufuli halijifungi lenyewe! Nimekwambia nimemwona akitoka."

Mwashi akakitazama kile kifusi, akanitazama mimi. "Haya, ashukuriwe Mungu," akasema. Papo hapo mtu akaja mbio na habari kwamba ghala la nafaka la barabara ya juu limeezuliwa na kuna wapakizi ndani. Wanaume wote wakakimbilia huko. Nami nikarudi kwangu kuchota maji, maana mtaro wa nje ulishajaa na maji yalikuwa yanaingia kwa chini ya milango.

Nilichota ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mvua ikapungua kidogo. Ndipo nikasikia cherehani.

Ilikuwa inalia upande wa pili wa ukuta. Inakwenda kidogo, inakwama, inakwenda. Kwanza nywele zilinisimama, nikasema leo kuna jambo. Halafu akili ikanijia, na pamoja na akili hasira, hasira ambayo sijapata kuwa nayo hata siku ya kitambaa cha zambarau. Kumbe yumo! Kumbe kufuli ni geresha! Watu wamelowana kumtafuta, mimi moyo umenipasuka, mwenyewe kakaa chumba cha mbele, mkavu, kahamisha na cherehani yake, anashona kama hakuna kilichotokea! Nilizunguka mbele pasi ikiwa mkononi, sikumbuki hata kuinyakua.

"Wewe mwanamke huna haya!" nikaanza, naupiga mlango kwa kiganja. "Huna haya hata chembe! Nyumba imekuangukia unashona? Unawaficha watu sura, unanifanya mimi mwongo mtaa mzima! Fungua! Nitakupa vidonge vyako leo, na kitambaa changu nitakichukua hivyo hivyo bila kushonwa!"

Cherehani ikaongeza mwendo.

"Nakusemesha unaniongezea mwendo? Mvivu wewe! Mwongo wewe!"

Ikakwama. Ikaanza tena, kwa pupa, halafu ikakwama.

Hapo ndipo niliposhusha kiganja. Wifi yangu hajawahi kupitisha tusi bila kulijibu. Hata siku ya msiba wa mama mkwe wake, yaani mama yangu mimi, nilimnong'oneza neno jikoni na akanirudishia mawili. Leo nimemwita mvivu na mwongo, na hajasema kitu. Na ile sauti, sasa nilivyoitega sikio vizuri, haikuwa ya chumba cha mbele. Ilitoka kulekule nyuma, chini ya tangi.

"Wifi?" nikaita. Sauti yangu ilikuwa imebadilika, niliisikia mwenyewe.

Cherehani ikalia mara tatu.

Pasi ya mkaa ni chuma kitupu, ukiinua kutwa nzima unapata mkono kama wangu. Nililipiga kufuli. Pigo la kwanza halikulitikisa. La pili mkaa ukamwagika ukanichoma mguu, na kovu lake ninalo. La tatu kufuli halikuvunjika, bali ile pete ya mlango ikang'oka na misumari yake, nikaingia na mlango.

Chumba cha mbele maji yalikuwa yanafika juu ya kifundo cha mguu, mashati yaliyokwisha kushonwa yanaelea. Nikausukuma mlango wa ndani kwa bega mpaka ukafunguka nusu. Chumba cha nyuma kilikuwa chini zaidi ya kile cha mbele, na kwa kuwa paa limetoboka, mvua ilikuwa inanyeshea ndani. Nikaona boriti, mabati, matofali. Nikaona kabati limelala. Cherehani ilikuwa wima, na chini yake, kwenye kanyagio, nikaona mkono.

Alikuwa kalala chali. Kabati lilikuwa juu yake kuanzia kifuani hadi magotini, na juu ya kabati kimelala kipande cha mnara. Kilichomwokoa ni yale majora. Yaliporomoka kabla ya kabati, yakamfunika, kabati likaangukia nguo badala ya kumwangukia yeye. Lakini kifua kilikuwa kimebanwa, pumzi aliyokuwa nayo haikutosha kupiga kelele, na mkono mmoja tu ulikuwa huru. Alikuwa analisukuma kanyagio kwa mkono. Gurudumu lilikuwa linazunguka kinyume, uzi umekatikakatika, sindano inadunga hewa. Na maji yalikuwa yamemfika masikioni.

Nilipiga magoti, nikamwinua kichwa.

"Wifi, uko hai?"

"Swali gani... hilo," akasema. Haikuwa sauti, ilikuwa pumzi tu.

Nilijaribu kulisukuma kabati. Niseme nililisukuma kama mtu anayesukuma kilima. Nikapiga ukunga, nikaita mwashi, nikaita majirani, nikaita na walioko mbali. Mvua ilikuwa inanijibu peke yake. Maji yakaongezeka. Nilikuwa nimekishika kichwa chake mapajani, lakini mwili haukuweza kuinuka, na shingo ya mtu ina mwisho wake. Maji yakafika kidevuni. Akanitazama, nikaona anaogopa, na mimi sikuwahi kumwona wifi yangu anaogopa.

"Yanaingia kuliko yanavyotoka," akasema. "Tundu..."

Nikakumbuka. Vyumba vyote vya nyuma vina tundu chini ya ukuta la kutolea maji ya kudekia. Langu lilikuwa linavuta. Lake lilikuwa pembeni, nyuma ya cherehani, hatua nne tu, lakini nikienda ni lazima nikiachie kichwa. Nikiachia, maji yanamfunika mdomo.

"Wifi, nitakuacha kidogo."

"Usi..."

"Kidogo tu! Vuta pumzi, ishike. Jikaze kisabuni."

Nikavuta jora moja lililokuwa likielea, nikaliingiza chini ya shingo yake. Lilisaidia, halikutosha. Alifumba macho na mdomo, na maji yakampita midomo. Nikatambaa. Nikapapasa ukutani, nikapata tundu, na nikajua kwa nini halivuti: mabaki ya vitambaa vya wiki nzima yalikuwa yamejisokota humo. Nikavuta bluu, nikavuta nyeupe, nikavuta tena bluu, kucha zikang'oka, nikawa namtukana kwa kutokufagia, namtukana na kulia. Mwishowe furushi zima likatoka kwa mpigo na maji yakaanza kukoroma kwenye tundu. Nikamrudia. Nikamwinua. Akakohoa, akatema, akavuta hewa kwa mlio ambao sijawahi kusikia wimbo mzuri kama huo.

Maji hayakushuka haraka, lakini yaliacha kupanda. Tulikaa hivyo. Nilimsemesha ovyo asisinzie, nikamsomea majina ya wateja wote anaowapiga kalenda, naye akawa anakubali kwa kope. Sijui ni muda gani. Ghafla mwashi akatokea mlangoni. Walikuta wapakizi wa ghala wametoka wote salama, na aliporudi akakuta mlango wa fundi uko wazi.

"Ulisema hayumo!" akapiga kelele.

"Nilisema! Sasa nasema yumo! Leta watu!"

Walikuja kumi na kitu, na jeki ya gari. Mwashi alikagua kila kipande kabla ya mtu kugusa, akaweka gogo hapa, tofali pale, akawazuia wenye pupa. Walilipandisha kabati kidogokidogo mpaka tukamtoa. Mpaka anapakiwa garini alikuwa kanishika mkono, na alinifinya.

Mguu ulivunjika mara mbili, mbavu tatu. Daktari alituambia kama si zile nguo, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Habari hiyo ilienea, na wazazi wa wanafunzi walipokuja kumtazama wodini, badala ya kudai sare, wakajikuta wanaambiwa na mgonjwa mwenyewe kwamba kama angezishona kwa wakati, angekuwa amekufa. Nani atabishana na hilo? Mafundi wenzake watatu waligawana zile sare wakazimaliza, watoto wakaenda shule. Kaka alikuja, akajenga upya chumba, tangi akaliweka chini kwenye zege.

Lakini mimi sikuwa na raha. Kila nikifumba macho namwona mwashi ananiuliza, "Una hakika?" Watu walinisifu mtaani, eti shujaa wa pasi, na kila sifa ilikuwa inanitokea puani. Kama wifi angekufa mle ndani, ningekuwa nimemuua mimi kwa mdomo wangu. Nilibeba jambo hilo wiki kumi. Siku alipotolewa plasta nikamkuta kakaa kizingitini kwa nyuma, ananyoosha mguu na kuukunja, umekonda kama wa kuku, na nikaona siwezi tena.

"Wifi, kuna jambo."

"Sema."

"Siku ile mwashi alitaka kuvunja mlango mapema kabisa. Mimi ndiye niliyemzuia. Mimi ndiye niliyewarudisha watu."

Hakuacha kunyoosha mguu. "Najua," akasema. "Nilikusikia. Mlikuwa mmesimama hapo, juu ya kichwa changu. Kufuli halijifungi lenyewe. Nilisikia neno kwa neno, na nikasikia miguu yao inaondoka."

Nikakaa chini kwenye tope. "Ulijua siku zote hizi ukanyamaza?"

"Ningekwambia ungelia, na wewe ukilia unatisha."

"Nisamehe, wifi yangu."

"Nikusamehe nini? Nani alitia kufuli, wewe au mimi? Hebu sikiliza, acha kujikunyata." Akaniwekea mkono begani, uleule wa kanyagio. "Waliondoka wote nikabaki na maji. Sauti sina. Nikapapasa nikapata kanyagio. Lakini nikawaza, hii ikilia nani atashtuka? Mtaa mzima watasema ni fundi anashona, na kila mtu ataendelea na shughuli zake. Nikakata tamaa kabisa. Halafu nikakukumbuka wewe. Nikasema, yule mwanamke akisikia tu kwamba nimo ndani nashona, atakuja kunitukana hata mvua ikinyesha moto. Ndiyo nikaanza kusukuma. Nilikuwa nakuita wewe tu, hakuna mwingine. Na uliponianza pale mlangoni, mvivu wewe, mwongo wewe, nikajua sifi tena."

Nililia hapo hapo kwenye tope, kwa sauti, na lazima nilikuwa natisha kweli, maana alicheka mpaka akashika mbavu.